Televisheni ya Saba

Mimi si mtu wa kukaa nikatazama televisheni mpaka mwisho. Wanangu wananijua. Taarifa ya habari naisikiliza nimesimama nyuma ya kochi, mkono umeshika kitasa cha mlango, na tamthilia zao za kila jioni naziona vipande vipande nikipita kuelekea jikoni. Wakiniambia, mama, kaa basi, nakaa dakika mbili, halafu nakumbuka kuna nguo za kuanua. Hakuna nguo. Ni miguu tu inayoniwasha. Nimekuwa hivyo tangu nikiwa na miaka tisa, na mpaka wiki tatu zilizopita nilidhani najua sababu.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Sumbawanga, nyumbani kwa baba, nikimsaidia kufungasha. Kifua kinamsumbua na baridi ya kule haina masihara, kwa hiyo tumekubaliana ahamie kwangu Morogoro. Tatizo ni mizigo. Wazee wenzake wana mashamba ya ulezi, wana ng'ombe, vitu ambavyo mtu anaweza kuwaachia ndugu. Baba yangu ana televisheni kumi na moja, zote za rangi, zote za zamani, na hakuna hata moja ambayo mtu mmoja anaweza kuinyanyua. Nilipofungua chumba alichozirundika, harufu ikanivamia: vumbi lililoungua, mbao ya vanishi, na risasi ya kuchomea nyaya. Nilisimama pale mlangoni nikashindwa kuingia. Nikamwambia baba naenda kwanza kutafuta maboksi, nikazunguka soko zima bila kuuliza bei ya boksi hata moja.

Wa rika langu mtakumbuka. Huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Tulikuwa na redio, na redio ilitutosha kwa sababu hatukujua kingine. Lakini Unguja walikuwa na televisheni, tena ya rangi, miaka mingi kabla yetu, na huko ndiko baba alikoupatia ugonjwa wake. Alikuwa kijana, akapelekwa huko na kikundi cha ngoma kwenye sherehe, na jioni moja wenyeji wakawaingiza katika ukumbi wa mtaa ambamo watu walikuwa wamekaa chini, wameelekea kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na mtu anakata tikiti maji. Basi. Hakuona vita, hakuona mpira, hakuona mfalme wa nchi yoyote. Aliona tikiti linafunguka na wekundu unatoka, na alipotusimulia, akiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, bado alikuwa anainua mikono na kuitenganisha taratibu, kama tikiti lenyewe liko mbele yake.

Alirudi kwetu Ufipa, akajifunza ufundi redio kwa bruda mmoja wa misheni, akafungua kibanda pale mjini. Na akaanza kukusanya. Bruda yule alipomaliza muda wake wa kukaa nchini, baba alipewa televisheni yake, kabati la mbao lenye miguu minne iliyochongwa. Mkubwa fulani wa benki akahamishwa, hakutaka kusafiri na yake, baba akaichukua. Nyingine zilitoka Zambia, zikapanda na malori ya mahindi. Alitaka zile za mwanzo tu. Za plastiki alizipuuza kabisa, alisema hizo ni ndoo zenye kioo.

Jioni akifunga kibanda alitukalisha na kutupa historia, tutake tusitake. Huko zilikoanzia, alisema, televisheni ya rangi ilikuwa kabati zima na kioo kidogo tu cha mviringo, na mwenye nayo alikuwa hana raha. Ukiisogeza kutoka dirishani kwenda ukutani, nyuso za watu zinageuka kijani. Vifundo vya rangi vilikuwa vingi kuliko vya jiko la mzungu, na fundi alikuwa anaitwa kila mara kama mganga. Halafu alilowesha kidole, akaacha tone la maji juu ya kioo kinachowaka, akatuita tuchungulie. Ndani ya tone mlikuwa na vijidoti: nyekundu, kijani, bluu. Vitatu tu. Alisema rangi zote za dunia zinatoka kwa hao watatu, hata rangi ya uso wako wewe Skola. Nilikwenda kujiangalia kwenye kioo cha mama nikaitafuta kijani usoni kwangu mpaka nikaitwa kula.

Sasa, nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu na stoo. Televisheni zilipofika nne, mimi na mdogo wangu Beni tulihamishiwa sebuleni, tukawa tunalala kwenye mkeka. Ilipofika ya tano ikaingia chumbani kwa wazazi. Ya sita ilikuja wakati wa mavuno, baba akaiweka stoo, na magunia ya mahindi yakatolewa nje yakafunikwa turubai kwa siku mbili tu, alisema, mpaka nipange. Usiku wa pili ikanyesha mvua ambayo haikuwa na habari kwamba masika yameisha. Mama alianika mahindi wiki nzima akiwafukuza kuku, na hakusema neno, na mama akinyamaza ujue kuna jambo.

Mama yangu ni mtu wa Wampembe, mtu wa ziwani, na majirani hawakumwacha asahau hilo. Alikuwa anapika ugali wa ulezi vizuri kuliko hao majirani wenyewe, lakini ikisikika harufu ya dagaa mtaani wote waligeukia kwetu. Hakuwa mgomvi. Jioni ile alipoingiza gunia la mwisho lililopona, alijifunga kanga upya, akasimama mbele ya baba aliyekuwa akifuta vumbi kabati lake jipya, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Skola, hizi ziko sita. Ikiingia ya saba, mimi natoka."

Baba alicheka. Akaapa kwa vidole, hataleta nyingine. Mimi sikucheka. Niliyameza maneno yale kama yalivyo, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuhesabu. Asubuhi kabla ya shule nilizunguka: nne chumbani kwetu, moja kwa wazazi, moja stoo. Nikirudi shule, kabla ya kuvua sare, nilizunguka tena. Mwalimu alinilalamikia kwa mama kwamba situlii darasani, nachungulia dirishani kila likipita lori. Ni kweli nilichungulia. Nilikuwa naangalia limebeba nini.

Sijasema kwamba kati ya hizo sita, iliyokuwa hai ilikuwa moja tu. Zile nyingine zilikuwa maiti. Zilikosa tyubu, au zilikosa kipuri ambacho hata huko kilikotoka hakitengenezwi tena, na baba alizipenda vilevile, alizifuta, alizifungua matumbo na kuzifunga. Iliyo hai ilikuwa ile ya bruda, na iliwekwa sebuleni mchana, ikarudishwa chumbani jioni ili sisi tupate pa kulala. Ilikuwa na deki yake ya video na kanda moja. Kanda ile ilikuwa ya upadrisho wa mjomba, mdogo wake mama. Mtu wa misheni alikuwa na kamera, akapiga picha siku nzima, akatuachia nakala.

Kila Jumapili tukitoka misa, kama umeme upo, mama aliweka kanda ile. Hakuitazama yote. Mahubiri aliyapita, maandamano aliyapita, akafika mahali ambapo bibi, mama yake, anatokea upande wa kushoto na kikapu cha vipaji vya sadaka kichwani, kitenge cha njano, anapiga vigelegele na kucheza kuelekea altareni. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliofuata upadrisho, ghafla, na mama alifika Wampembe siku mbili baada ya mazishi kwa sababu gari lilikwama kwenye mteremko. Hakumwona. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ilikuwa nyeusi na nyeupe, bibi amekodoa macho kama mshtakiwa. Lakini kwenye kanda alikuwa na ngozi yake, ile yenye wekundu kwa mbali, na kitenge chake. Mama aliangalia mpaka kikapu kinapokelewa, akarudisha kanda, akaangalia tena, halafu akainuka kwenda kupika. Siku hiyo nzima alikuwa anaimba. Kwa hiyo msinielewe vibaya, mama hakuzichukia televisheni. Alichukia tano, moja aliipenda.

Habari za ya saba zililetwa na mfanyabiashara wa dagaa, mzee mmoja aliyekuwa akishuka Kabwe na kupanda kila mwezi, na redio yake ilikuwa inatengenezwa kwa baba. Nilikuwa kibandani nimempelekea baba chakula. Mzee yule akasema Kabwe kuna mtu kavuka ziwa na kabati la ajabu, televisheni ya rangi ya zamani ya zile zenye milango, unafunga kwa ufunguo kama sanduku la nguo. Baba aliacha kutafuna. Akauliza milango inafunguka kwa nje au inateleza. Inateleza, mzee akasema. Baba akasema yeye hanunui tena, ameapa. Halafu akauliza mtu huyo anakaa Kabwe sehemu gani.

Nilirudi nyumbani nikikimbia na vyombo vinagongana. Nilijua itakuja. Mtoto anamjua baba yake. Na nilimjua mama, hakuwa mtu wa kusema jambo halafu akalifuta. Siku tatu nilikuwa sikai, nalala nikiamka, chakula hakipiti, Beni akinigusa nampiga. Mama akaniwekea mkono shingoni, akasema nina homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nafanya hesabu.

Na hesabu ikakubali. Ikiwa ya saba lazima ije, basi moja kati ya sita lazima iachie nafasi yake kwanza. Sita toa moja, tano. Tano jumlisha ya Kabwe, sita. Mama hatoki. Sikuweza kuiba kabati zito kuliko mimi mara tatu, lakini niliweza kuua. Na maiti haiuliwi mara ya pili, hilo nalo nililifikiria vizuri. Ikabaki moja tu ya kuua. Leo nikikumbuka naona shimo kubwa katikati ya hesabu ile: baba alizihesabu maiti zake siku zote, na mama pia alizihesabu, ndiyo maana zilikuwa sita. Lakini ukiwa na miaka tisa huwezi kuona shimo ulilosimama ndani yake.

Silaha nilikuwa nayo. Kijijini kwa babu, mwendo wa saa moja kutoka mjini, kuna matanuri ya kale ambamo wazee wa Kifipa walikuwa wakiyeyusha chuma, yamebaki magofu ya udongo marefu kuliko mtu, na kuyazunguka ardhi ni nyeusi kwa mavi ya chuma. Watoto wa kwetu wote tulicheza pale. Unachukua sumaku ya spika mbovu, unaifunga kamba, unaiburuta kwenye mchanga, inaota ndevu nyeusi, na mwenye ndevu ndefu ndiye mshindi. Mimi nilikuwa na sumaku kubwa kuliko wote, mtoto wa fundi. Siku moja niliingia nayo sebuleni televisheni inawaka, na kabla sijafika baba alinikamata mkono akanirudisha nje. Akasema sumaku na televisheni ya rangi ni paka na panya, nikiigusisha pale kwenye kioo nitaua rangi. Hayo ndiyo maneno yake, nitaua rangi.

Jumamosi mchana mama alikwenda kisimani na Beni mgongoni. Nilichukua sumaku. Televisheni ilikuwa imezimwa, kioo kimetulia, najiona ndani yake. Nilidhani itapiga kelele. Nikaiweka sumaku juu ya kioo, ikavutwa kidogo, nikaizungusha katikati, kulia, kushoto, mpaka mkono ukachoka. Hakuna kilichotokea. Hakuna moshi, hakuna sauti. Nikaitia sumaku mfukoni mwa gauni nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Kesho yake baada ya misa mama aliweka kanda. Akapita mahubiri, akapita maandamano. Bibi akatokea kushoto, mzima, kitenge cha njano, vigelegele. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na alipofika katikati ya kioo uso wake ukawa kijani. Kikapu kikawa zambarau. Akaendelea kucheza hivyohivyo, kijani, mdomo umefunguka. Mama aliinuka, akashika ncha ya kanga, akafuta kioo. Akatemea mate kidogo, akafuta tena. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimebana mikono katikati ya magoti.

"Baba Skola," mama akasema bila kugeuka, "hebu itengeneze."

Baba alikuja, akainama. Alikaa pale muda mrefu. Alisogeza kichwa huku na huku, akagusa doa kwa kidole, akaenda nyuma ya kabati na kurudi. Halafu akasimama wima.

"Tyubu imekufa," akasema.

"Imekufa?"

"Imekufa, Mama Skola. Hii ndiyo basi tena."

Mama alimwangalia. Siku zile niliona ni macho ya mtu aliyepewa habari za msiba. Akasema haya, akazima deki, akaenda jikoni. Nami, Mungu anisamehe, chini ya huzuni ile yote nilisikia kitu kinachofanana na ushindi. Zilikuwa tano.

Jumapili iliyofuata mama aliweka kanda tena, akamtazama mama yake wa kijani tangu mwanzo mpaka mwisho, baba akiwa kiti cha pili, halafu akazima. Na iliyofuata vilevile. Hakulalamika hata kidogo. Baada ya Jumapili ya tatu baba akasema hawezi kumwona mke wake anateseka namna hii, kuna televisheni nzuri Kabwe, tyubu yake safi, atakwenda kuileta ili bibi arudi kuwa bibi. Alilisema kwa uchungu, nikaona machozi yanamlenga. Akaondoka na gari la Namanyere, njia ya Kabwe, asubuhi yake.

Alirudi siku ya nne juu ya lori la dagaa, amekaa ubavuni mwa kabati lililofungwa mablanketi, anacheka kama bwana harusi. Ilichukua wanaume watano kuishusha. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Milango iliteleza bila sauti. Majirani walijaa uwanjani, na baba alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, na mbele ya wote akamgeukia mama aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Mama Skola, usiseme nimevunja kiapo. Ile imekufa. Zilikuwa tano, hii ndiyo ya sita." Ilikuwa hesabu yangu mwenyewe, neno kwa neno, nami sikuwa nimemwambia mtu.

Mama aliwapakulia wabebaji wote ugali, akamwekea baba maji ya kuoga. Asubuhi alinivalisha sweta, akanichana nywele, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujichana mwenyewe. Alikuwa na furushi moja na Beni mgongoni. Aliniambia kwa sababu ya shule nitabaki, nitakwenda Wampembe likizo. Nilimfuata mpaka stendi nikishika kanga yake, na pale mbele ya makondakta nikaanza kumweleza haraka haraka, nikihesabu kwa vidole, tatu chumbani kwetu, moja chumbani kwenu, moja stoo, ya Kabwe moja, ile ya bruda haihesabiki.

"Mama, ziko sita," nikasema. "Ziko sita."

"Ndiyo mwanangu," akasema. "Ziko sita." Akapanda gari.

Hakurudi kuishi Sumbawanga. Aliikuta nyumba ya mama yake, akaikarabati, akaanza kuanika dagaa na kuuza samaki aina ya migebuka, na huko ndiko alikomlea Beni. Mimi nilikwenda kila likizo. Nilimkuta anacheka, ana sauti kubwa ambayo kule juu sikuwahi kuisikia, na kila likizo nilishuka garini nimeshaandaa maneno ya kumwambia, na kila likizo nilipanda gari sijayasema. Niliua rangi za mama yake. Kwa sababu niliziua, baba alikwenda Kabwe, na kwa sababu alikwenda Kabwe, ya saba iliingia. Nimeolewa na siri hiyo, nimezaa nayo. Ndiyo maana nilisema sikai mbele ya televisheni. Nikikaa tu, nasubiri uso wa mtu ugeuke.

Sasa turudi kwenye mizigo. Kuna kijana wa Dar es Salaam, anaitwa Rama, anakusanya televisheni za rangi za zamani na kuzionesha mtandaoni. Beni ndiye aliyempata. Alikuja kwa basi, mpole, ana miwani, akamwamkia baba shikamoo na kumsikiliza tangu tikiti maji la Unguja mpaka malori ya Zambia, na baba alikuwa amechangamka kuliko nilivyomwona mwaka mzima, amejifunga blanketi kwenye kigoda chake mlangoni. Rama alikagua moja moja. Alipofika kwenye ya bruda akaomba tuiwashe.

Nikamwambia hiyo ilishakufa. Akasema tuione tu. Ikanguruma, ikanuka, kioo kikajaa chenga, na pale katikati likatokea doa, zambarau kingo zake, kijani ndani, mahali palepale. Niligeuka kwenda nje. Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposikia Rama anacheka.

"Dada, hii haijafa," akasema. "Kuna mtu tu alipitisha sumaku. Mzee, koili ya kutolea sumaku unayo?"

Hakungoja jibu, akaanza kupekua. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, chini ya koti la mvua, palikuwa na duara la waya lililozungushiwa utepe mweusi, pana kama sinia la pilau, na plagi yake. Akalipangusa, akalichomeka, akalizungusha mbele ya kioo huku anarudi nyuma taratibu, hatua moja, mbili, tatu. Doa lilitikisika, likapauka, likaondoka. Zikabaki chenga tupu za kijivu. Chai niliyowamiminia kabla hatujaiwasha ilikuwa bado inatoa mvuke.

Nilimwangalia baba. Alikuwa anaiangalia ile yenye milango.

"Baba, koili hii ni ya lini?"

"Ya bruda," akasema. "Alinipa pamoja na vyombo."

"Kwa hiyo ilikuwepo. Mama alipokwambia utengeneze, ilikuwepo."

Alikohoa, akajivutia blanketi. Nilidhani atajifanya hajasikia, siku hizi ana tabia hiyo. "Ilikuwepo," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshasikia ile ya Kabwe, Skola. Ina milango."

Nilishikwa na hasira mpaka meno yakauma. Nilitamani kuvunja kioo kimoja baada ya kingine, vyote kumi na moja, mbele yake, na Rama apande basi lake mikono mitupu. Miaka yote hiyo nimejibebesha mzigo ambao baba mwenyewe alikuwa ameutundika msumarini na kuufunika koti. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, nikampigia mama. Wampembe mtandao unakuja na kuondoka. Mara ya tatu akapokea, nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama mizigo imeisha. Sikuzungusha maneno.

"Mama, ile televisheni ya bruda. Ni mimi niliyeiharibu. Niliipitishia sumaku."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Si nilikufulia gauni wiki ile ile. Sumaku ilikuwa mfukoni, na mchanga wake mweusi."

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Nikamuuliza mbona hakuniambia, mbona aliniacha niishi nikijua mimi ndiye niliyembomolea nyumba. Nikasikia watu wanaongea nyuma yake na maji yanapiga.

"Nyumba yangu, wewe uibomoe kwa kale kadoa?" akasema. "Baba yako alikuwa anatoa madoa kama yale kwenye televisheni za watu, mimi nikimshikia waya. Kazi ya dakika moja, Skola. Nilimsubiri Jumapili tatu."